Maoni ya Watu na Kipimo cha Mvua

Mwezi wa Oktoba unapokaribia kwisha, katika kata ya Nsemulwa mjini Mpanda, hapana mazungumzo yanayoshinda yale ya mvua. Mkulima aliyekwisha kusafisha shamba humwuliza jirani yake kama mahindi yapandwe kwa mvua ya kwanza au yangoje ya pili. Swali hilo si la mzaha. Mbegu ikiota, kisha jua likawaka wiki mbili mfululizo, imepotea pamoja na fedha iliyoinunua. Kwa hiyo kila mtu ana maoni. Mzee ameona miembe imechanua kupita kiasi. Kijana wa bodaboda amesikia redioni habari ya El Niño. Mwenye duka anashikilia kwamba mwaka uliopita Mamlaka ya Hali ya Hewa ilidanganya.

Si vibaya mtu kuwa na maoni. Kosa liko katika desturi ya kuyahukumu kwa kumbukumbu tupu. Ifikapo Aprili, yule aliyesema mvua zitakuwa nyingi hukumbuka siku njia ilipogeuka mto, na yule aliyesema zitakuwa haba hukumbuka majuma ya jua yaliyokausha majani ya mahindi. Wote wawili hujiona wamesema kweli, na Oktoba inayofuata hurudi barazani na uhakika ule ule.

Hiyo habari ya El Niño nayo yataka kuangaliwa. Mwaka 2023 ilitangazwa nchi nzima, na kwa haki, maana maji ya Bahari ya Pasifiki katika ukanda wa Ikweta yanapopata joto kupita kawaida, mvua za vuli katika Afrika Mashariki huelekea kuongezeka. Lakini vuli ni mvua ya sehemu zenye misimu miwili, kama pwani ya kaskazini, kaskazini mashariki na ukanda wa Ziwa Viktoria. Katavi ina msimu mmoja, tangu Novemba hadi Aprili hivi, na uhusiano wake na El Niño ni dhaifu zaidi. Habari ilikuwa ya kweli, ila shamba la Nsemulwa halikuwa ndilo lililokusudiwa hasa.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia kilipungua nguvu. Mtu wa Dar es Salaam aliyetazama nje ya dirisha lake angeweza kusema kwamba tahadhari ilikuwa bure; lakini mvua za kimbunga hicho hicho ziliikata barabara ya kwenda Lindi huko Kilwa. Dirisha moja si nchi. Hata ndani ya Mpanda, mvua ya radi yaweza kulowesha Nsemulwa ikaiacha Kashaulili kavu.

Tena, utabiri unaotaja uwezekano wa asilimia 70 haukanushwi na siku moja ya jua. Maana yake ni kwamba katika tabiri 10 za namna hiyo, 7 hivi zitatimia na 3 hazitatimia. Kama zote 10 zingetimia kila mara, ndipo mtabiri angestahili kuulizwa kwa nini hasemi 100. Jambo hili halifahamiki kwa kutazama utabiri mmoja, na mwenye duka hana mwingine aliouandika.

Katika uchaguzi mambo ni yale yale. Watu kumi wa kijiwe kimoja hukubaliana juu ya mgombea, wakadhani jimbo zima limekubali. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipokea majibu zaidi ya milioni 2 likatabiri ushindi wa Landon. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majibu yalikuwa mengi, lakini hayakuwa sura ya wapiga kura wote.

Mwalimu wa sekondari anaweza kuanza kwa kopo na daftari. Kopo liwe na kuta zilizonyooka, liwekwe uwanjani mbali na miti na paa, maji yapimwe kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, kisha yamwagwe. Milimita 1 ni lita 1 katika kila mita mraba. Milimita 25 katika ekari moja ni takriban lita 100,000, hesabu ambayo wanafunzi wa kidato cha kwanza wataifurahia. Katika daftari, kabla ya Novemba, yaandikwe maoni ya kila mtu yakiwa na tarehe na kiasi: mvua ya kwanza itanyesha lini, ukavu utakuwa wa siku ngapi. Neno “nyingi” lisikubaliwe. Utabiri wa Mamlaka uandikwe, na wa yule mzee pia, kwa heshima ile ile, maana haijapimwa bado kama miembe ya Nsemulwa hukosea mara nyingi kuliko redio.