Mvuvi naye aonekane baharini

Meli ya mizigo inayoikaribia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa haiji kimyakimya. Kila baada ya muda mfupi, mfumo wa utambuzi wa meli uitwao AIS hutangaza jina lake, mahali ilipo, inakoelekea na mwendo wake, na meli jirani na vituo vya nchi kavu hupokea. Tangu mwisho wa mwaka 2004, kila meli ya safari za kimataifa yenye tani 300 na zaidi inalazimika kuwa na kifaa hicho.

Ngalawa ya Kizimkazi haitangazi chochote. Wala mashua ya Kilwa, wala jahazi linalotoka Rufiji. Vyombo hivi ni vya mbao, havinyanyuki sana juu ya maji, na rada ya meli kubwa huvipata kwa shida, hasa kusi inapovuma na bahari kuchafuka. Kwa afisa wa zamu aliye juu kwenye meli ya mita 300, mvuvi huyo hayupo. Tunaliona hili kuwa pengo kubwa kuliko yote katika ulinzi wa safari zetu za baharini, na tunataka lizibwe.

Hatusemi kwamba nchi zetu zimekaa tu. Mwaka 2006 kituo cha kanda cha kuratibu utafutaji na uokoaji kilifunguliwa Mombasa. Januari 2009, nchi za Bahari ya Hindi ya Magharibi na Ghuba ya Aden zilikutana Djibouti zikakubaliana kushirikiana, na vituo vya kubadilishana taarifa vikapangwa kuwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Kilichozisukuma ni maharamia wa Somalia, waliokuwa wakiteka meli za mafuta na mizigo. Kumbe inawezekana. Mali ya wakubwa ilipoguswa, serikali zilikaa meza moja na taarifa zikaanza kuvuka mipaka. Haraka ile ile tunaitaka kwa abiria wa Pemba na mvuvi wa Mafia.

Tuanze na abiria. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Kibali chake kilikuwa cha abiria wapatao 600. Siku za kwanza hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni watu wangapi walikuwemo. Ilitajwa miili 203, kisha miezi michache baadaye hesabu rasmi ya waliokufa na waliopotea ikapanda hadi zaidi ya 1,500. Tofauti ya watu zaidi ya elfu haiwezi kutokea mahali ambapo orodha ya abiria imekamilika kabla ya kamba kufunguliwa. Mwaka uliofuata ikazama MV Skagit karibu na kisiwa cha Chumbe. Septemba 2018 ikapinduka MV Nyerere karibu na Ukara, Ziwa Victoria, kivuko cha abiria 101, na waliokufa wakazidi 220. Swali likawa lile lile: walikuwemo wangapi?

Orodha ya abiria ndiyo taarifa ya kwanza ya usalama. Ikibaki mfukoni mwa karani wa meli, itazama pamoja na meli. Ifike kituo cha uokoaji kwa simu kabla chombo hakijaondoka gatini, ikiwa na majina ya watoto na ya walioingia dakika ya mwisho. Chombo ambacho orodha yake haijafika kisiruhusiwe kung'oa nanga.

Halafu kuna suala la nani anasema nini akishaona hatari. Julai 25, 2020, meli ya mizigo iitwayo Wakashio ilipanda mwamba kusini mashariki mwa Mauritius. Haikuwa meli iliyojificha. Njia yake ilifuatiliwa kwa AIS hadi ilipokwama. Uchunguzi wa Japani ulieleza kwamba mabaharia waliisogeza karibu na ufukwe wapate mtandao wa simu, wakati hawakuwa na ramani ya kina ya pwani hiyo. Tani zipatazo 1,000 za mafuta zilimwagika penye matumbawe na mikoko. Bahari yetu ina miamba kama hiyo kuanzia Lamu hadi Mtwara. Kwa hiyo mtu wa zamu katika kituo cha uokoaji apewe mamlaka ya kuita meli redioni mara tu inapopotoka njia, kuiamuru igeuke na kutuma boti, bila kungoja idhini ya mkubwa aliyelala nyumbani.

Kwenye hali ya hewa tumeona matokeo mazuri. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa onyo mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasitishwa. Lakini boti hizo zina ofisi, na ofisi ina simu. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni, usiku usio na mbalamwezi, na wengi wameshasukuma vyombo majini kabla taarifa ya habari haijasomwa. Onyo liwafikie mchana dikoni, wanakoegesha vyombo, kwa sauti na kwa Kiswahili, kupitia bwana diko anayelisimamia, kamati ya wavuvi na redio jamii. Liseme mawimbi yatakuwa makubwa kiasi gani, wapi, na kuanzia saa ngapi.

Taarifa hiyo isiende upande mmoja tu. Kamati ya wavuvi ikikijulisha kituo kwamba vyombo kadhaa vimetoka kwenda Mlango wa Zanzibar, kituo kiwatangazie manahodha wa meli kubwa redioni kwamba usiku huo njia yao ina wavuvi. Kufanya hivyo hakuhitaji setilaiti. Kunahitaji daftari dikoni, simu yenye chaji, na mtu kituoni anayeipokea hata saa tisa usiku.

Vifaa navyo vipo: bamba la kuakisi rada mlingotini, redio ya mkononi isiyoingia maji, kifaa kidogo cha kutangaza mahali chombo kilipo. Mvuvi mmoja hawezi kuvinunua vyote. Serikali iviondolee kodi, na vikundi vya wavuvi vinunue kwa pamoja.

Tunajua wavuvi wengi watavikataa, na wana sababu. Mvuvi hasemi hadharani mahali alipopata samaki. Ndipo inapotoka riziki ya watoto wake. Anaogopa kwamba kifaa cha kutangaza mahali alipo kitamwonyesha kwa washindani na kwa mtoza ushuru. Hofu hiyo ijibiwe kwa maandishi: kanuni zitamke kwamba taarifa za vyombo vidogo ni za uokoaji na za kuepusha ajali tu, zifutwe baada ya muda mfupi uliotajwa, na afisa atakayezitoa kwa jambo jingine afikishwe mahakamani. Kanuni hizo zisomwe dikoni mbele ya wavuvi wenyewe kabla kifaa cha kwanza hakijafungwa.