Nani Amchagulie Mtoto Ala?

Katika fanfari nyingi za shule zetu, mtoto hapewi ala bali mabaki. Wakubwa wamekwisha kutwaa tarumbeta. Msichana hupewa matoazi, na mwenye mabega mapana hubebeshwa ngoma kubwa. Naiona desturi hiyo kuwa dhuluma, nayo huwaondoa wengi kabla hawajaumaliza wimbo wao wa kwanza.

Vijana wapendwa, ninyi mnaowaongoza wadogo zenu, tazameni kwanza mwili wa mtoto na sikio lake. Mpigaji wa tromboni husukuma na kuvuta bomba katika nafasi saba. Mkono mfupi hauifikii ya mwisho, na kwa kuwa bomba halina alama, sikio ndilo humwonyesha pa kusimama. Klarineti hudai vidole viwezavyo kuziba matundu bila kuvujisha hewa. Tarumbeta hutaka midomo inayotetemeka vema, na midomo ya namna hiyo wasichana wanayo kama wavulana. Mjaribisheni kila ala (lakini osheni kwanza sehemu ya kupulizia!), kisha mwulizeni ni sauti ipi aipendayo.

Mtajibu kwamba ala ni chache. Ni kweli. Orkestra ya Wakimbanguisti wa Kinshasa, iliyoanza mwaka 1994, ilikuwa na vyombo vichache mno. Wapigaji walipokezana, na waya wa breki ya baiskeli ukatumika badala ya uzi wa fidla uliokatika. Basi pangeni zamu, na katika orodha ya tarumbeta liandikwe pia jina la binti.