Mforosadi si mti wa hariri pekee

WAFUGAJI wadogo wa ng'ombe wa maziwa nchini wangali wanakumbuka machungu ya mwaka wa 2022. Mvua ilikosekana msimu baada ya msimu, vita vya Ukraine vikavuruga biashara ya nafaka, na bei ya chakula cha mifugo cha viwandani ikapanda kupita uwezo wa wengi. Ilibainika wazi kwamba mfugaji anayetegemea duka pekee hana kinga.

Ajabu ni kuwa kinga mojawapo imo nchini kwa miongo mingi. Nayo ni mforosadi, mti ambao wengi huuita malberi. Wakulima wetu walihimizwa kuupanda kwa ajili ya viwavi wa hariri. Hivyo soko la hariri likilegea, mti wenyewe huonekana hauna faida.

Mtazamo huo una kasoro. Majani ya mforosadi yakikaushwa, protini huwa kati ya asilimia 15 na 25, ilhali nyasi ya napier iliyokomaa aghalabu haifikishi hata asilimia 10. Isitoshe, napier imeandamwa na ugonjwa wa kudumaa, hasa magharibi mwa Kenya. Ng'ombe, mbuzi na sungura huyapenda majani hayo, nayo matunda huliwa na watoto yakiiva au hutengenezwa jemu na sharubati.

Wapo watakaouliza: mwenye ekari moja ataupanda wapi? Jibu ni kwamba mti huu hauhitaji shamba lake pekee. Hustawi kwenye kingo za matuta na kando ya ua, ukapogolewa na kuchipuka tena. Hata hivyo, majani yake ni ya kuongezea nyasi, si ya kuchukua mahali pake, na mti unaokatwa mara kwa mara sharti utiliwe samadi.

Mbona basi hausikiki? Mforosadi hupandwa kwa vipandikizi, na jirani humkatia jirani bila malipo. Hakuna mfanyabiashara atakayeutangaza mti asioweza kuuza mbegu zake kila msimu.

Ndiyo maana jukumu hili ni la umma. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti shughuli za kilimo. Magavana wanaogawa miche ya parachichi na makadamia waweke pia vipandikizi vya mforosadi katika vitalu vyao, na maafisa wa nyanjani wawafunze wakulima kuvitunza kabla ya ukame mwingine kubisha hodi.