Hiyo "x1000" yako haitusaidii

Hakuna mama pale Kongowea atakwambia nyanya ni "mia" halafu anyamaze. Mia ya kilo, ya fungu, ama ya nyanya moja? Lazima aseme.

Sasa wanasayansi ndio wanatufanyia hivyo. Picha ya hadubini imetoka kwenye jarida kubwa, chini imeandikwa "x1000", basi. Mimi naifungua kwa simu hapa Kisauni, naivuta kwa vidole viwili, inakuwa kubwa mara tatu. Ile x1000 ishakuwa uongo. Lakini ukichora mstari mfupi ndani ya picha ukaandika "maikromita 10", mstari unakua na picha, unapungua na picha. Seli nyekundu ya damu ina upana wa kama maikromita 7 hadi 8, kwa hivyo msomaji anapima mwenyewe.

Najua mtasema, "wewe si uliacha chuo?" Ndio, karo ilinishinda. Lakini nilikaa darasani vya kutosha kusoma fotokopi ya fotokopi. Siku moja tulipewa picha ya damu yenye malaria. Maelezo yalisema mshale mwekundu ni kimelea, mshale wa kijani ni chembe ya kugandisha damu. Kwenye karatasi yangu mishale yote ilikuwa kijivu! Na ile chembe ikikaa juu ya seli nyekundu, mwanafunzi huiona kama kimelea kabisa. Nilishika kinyume mpaka mtihani ukaniumbua. Mimi nilitoka. Wenzangu walibaki, na kesho wao ndio watakaosoma damu ya mtoto wako.

"Aah, wasomi wenyewe wanaelewa." Wapi! Mwaka 2021 jarida la PLOS Biology lilitoa utafiti uliokagua makala 580 kutoka majarida ya juu ya nyanja tatu. Makala ambazo picha zake zote zilitimiza vigezo vyote: fiziolojia asilimia 16, baiolojia ya seli 12, sayansi ya mimea 2. Mbili! Kwingine mstari wa kipimo haupo, kwingine rangi hazijaelezwa, kwingine hata hujui ni kiumbe gani unaangalia.

Na msijifiche nyuma ya pesa, hii haihitaji mashine mpya. Weka mstari wa kipimo. Mshale mmoja uwe mnene, mwingine mwembamba, usitegemee rangi peke yake. Nyekundu na kijani ziache, kuna watu macho yao hayazitofautishi. Andika ni tishu gani, ya nani, imetiwa rangi gani.

Halafu kabla hujatuma makala, itoe fotokopi nyeusi na nyeupe, kisha uifungue kwa simu yenye skrini iliyopasuka. Kama mshale hauonekani, rudi ukamalize kazi.

Una rafiki anayesomea maabara? Mtumie hii.