Mwanadamu Hupanga, Mungu Ndiye Mwenye Kesho



Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kazi kubwa pale Kongwa, katika nchi ya Wagogo. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na mafuta ya kula yalikuwa adimu huko kwao. Ikaamuliwa kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni tatu, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Matrekta yakaletwa, na kusini ikajengwa reli na bandari. Lakini mvua haikufuata hesabu za ofisini, na udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji. Mwezi Januari 1951 mpango huo uliachwa, ukiwa umemeza pauni zipatazo milioni 36. Wenyeji, walioujua ukame ule tangu vizazi, hawakuwa miongoni mwa wapangaji.

Hatusimulii hayo ili kuwacheka waliopita. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya nne ya Waraka wake, anawaonya wafanyabiashara wanaohesabu faida ya mwaka mzima, ilhali hawaijui hata kesho. Hakatazi kupanga, anakemea majivuno. Na mara, katika sura ya tano, anawageukia matajiri waliozuia ujira wa vibarua wao. Mambo hayo mawili yanafuatana kwa haki. Anayejifanya bwana wa kesho hakawii kujifanya bwana wa jirani yake.

Hata hivyo, tujihadhari na kosa la pili. Fedha za dawa zikiliwa na mgonjwa akafa, twasema, "Mungu amepanga." Mjane akinyang'anywa shamba, twamwambia avumilie, ni mapenzi ya Mungu. Hiyo si imani, bali ni kumsingizia Mungu dhambi zetu. Enzi ya Mungu si blanketi la kuwafunika wadhalimu. Ni kiti cha hukumu ambacho mbele yake kila mwenye madaraka atatoa hesabu.

Basi, viongozi wa walei na wa jumuiya ndogo ndogo, kabla ya kupitisha mpango wowote, uwe wa kanisa, wa shule au wa kijiji, tujiulize: Je, tumeuombea, au tumemwita Mungu aje kuubariki tu baada ya kuamua? Maskini wamesikilizwa? Nani atapoteza shamba lake? Nami, muda wangu wa uongozi ukiisha, niko tayari kukabidhi daftari na ufunguo bila kinyongo?

Bwana wetu katika Gethsemane alikuwa na uwezo wote, lakini aliyaweka mapenzi ya Baba mbele ya yake. Anayesema "Mungu akipenda" na aseme hivyo akiwa amepiga magoti, kisha asimame atende haki.

Amani ya Kristo iwe nanyi.