SHAMBA NA JAMAA: Samaki gani wakae pamoja katika bwawa moja?



Wengi kati yenu mmechimba bwawa la samaki karibu na nyumba. Wengine mmelichimba kwa kikundi: vijana, akina mama wa mtaa, au jamaa tatu zenye bonde moja. Kisha tunasikia malalamiko yale yale: «Samaki zetu haziko zinakomea! Mwaka muzima zinabakiaka kama vidole.» Au lile lingine: «Tuliweka tilapia mingi, tukavua kambare kumi ya matumbo makubwa, na tilapia hakuna.» Mara nyingi shida haitoki kwa wachawi. Inatoka siku ile ya kwanza, walipochaguliwa samaki wa kukaa pamoja.

Kabla ya kununua vitoto vya samaki, jiulizeni maswali matatu. Je, watagombania chakula kimoja? Je, mmoja atamla mwenzake? Je, maji yetu yanawafaa wote?

1. Kila mmoja na sahani yake

Tazameni ziwa letu la Kivu. Zamani, katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vidudu vidogo vinavyoelea majini. Chakula kilikuwapo, mlaji hakuwapo. Karibu na mwaka 1959 wakaleta samaki mdogo kutoka ziwa Tanganyika. Ndiye sambaza tunayemnunua leo Goma na Bukavu. Alikuta meza iko tupu, akaongezeka.

Katika Katanga, miaka ya 1940 na 1950, wataalamu wa kituo cha Kipopo karibu na Lubumbashi walifuata akili hiyo hiyo ndani ya mabwawa. Waliweka pamoja tilapia wa aina mbili: mmoja anakula majani, mwingine anakula vitu vidogo sana vya majini na vya matopeni. Hawakunyang'anyana. Na mavi ya mla-majani yakawa mbolea ya kulisha maji ya mwenzake.

Basi, mkipata tilapia nilotika (anayekula ule ukijani wa maji) pamoja na tilapia rendali (anayekula majani), wanaweza kukaa nyumba moja. Huyu wa majani mpeni mateke, matembele na majani ya mpapai. Yule mwingine mlisheni kwa kulisha maji: wekeni mbolea ya mbuzi, ya kuku au ya ng'ombe pamoja na majani mabichi ndani ya kizizi cha miti kwenye pembe ya bwawa.

Mtajuaje kama maji yameshiba? Ingiza mkono polepole mpaka kiwiko. Kama kiganja kinapotea machoni maji yanapofika kiwiko, na rangi ni ya kijani, ni vizuri. Kama unaona vidole vyote, ongeza mbolea. Kama kiganja kinapotea mapema sana, au asubuhi samaki wako juu wanatafuta hewa, acha mbolea na ingiza maji mapya.

2. Kambare ni askari, lakini ana njaa

Tilapia ana tabia moja: anazaa mbio. Nilotika jike analea mayai kinywani mwake, na ndani ya bwawa anaweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu mpaka sita tu. Muda si mrefu nyumba inajaa watoto, chakula hakitoshi, wote wanabaki vidole. Ndiyo lile lalamiko la kwanza.

Kambare anasaidia hapo, maana anakula vile vitoto. Yeye mwenyewe hazai kwa urahisi ndani ya bwawa, na kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu, anavumilia maji yanayomshinda tilapia. Lakini sikieni: mkimweka siku moja na tilapia wadogo, atawamaliza wote. Ndiyo lile lalamiko la pili.

Kwa hiyo, kwa bwawa la metre 10 kwa 20, wekeni tilapia 400, ni kusema wawili kwa kila metre mraba. Ngojeni kama miezi miwili, mpaka muone vitoto kando kando ya maji. Hapo ndipo muweke kambare 20, wasipite 40, nao wawe wadogo kuliko tilapia mliotangulia kuweka. Siku ya kuvua, ondoeni kambare wote. Msimwache hata mmoja mkubwa kwa ajili ya msimu unaofuata.

3. Masisi si Walikale

Tilapia anapenda maji ya joto, kama digri 25 mpaka 30. Chini ya 20 anakula kidogo, anakomaa polepole na hazai vizuri. Ninyi wa Walikale, ambako bonde nyingi ziko chini ya metre 1,000, hamna shida hiyo. Kwenu miezi sita inaweza kutosha. Ninyi wa milima ya Masisi, mahali panapopita metre 2,000, msijipime na ndugu wa Walikale. Chimbeni mahali penye jua, mkate kivuli, na msiache mto upite ndani ya bwawa mchana na usiku. Maji yanayopita daima yanaleta baridi na kubeba mbolea yote. Ingizeni tu yale ya kurudisha kiasi kilichopungua.

Na kwa jamaa za kariere: maji yanayoshuka kutoka mahali wanaposafisha koltani au kasiterite hayafai. Matope yanaziba mashavu ya samaki na kuzuia jua lisiingie majini, na pasipo jua ule ukijani hauzaliwi. Tafuteni chemchemi iliyo juu ya machimbo, hata kama bwawa litakuwa dogo zaidi.

4. Mgeni asitoroke

Msilete samaki wa mbali kwa sababu tu ni mkubwa. Katika ziwa Victoria, miaka ya 1950 na 1960, waliweka sangara kutoka maji mengine. Alileta pesa kweli, lakini aina nyingi sana za samaki wadogo wa ziwa lile zilipotea. Mito yetu, Lowa na Oso, ina samaki wake. Wekeni wavu mzuri kwenye tundu la kutokea maji, na kingo ziwe juu, maana kambare anatambaa kwenye majani yenye maji akatoka.

Vijana, pesa ya shimo inakuja Jumamosi na Jumatatu imekwisha. Na wazazi wanakumbuka jinsi vita vya miaka ya 1990 vilivyomaliza ng'ombe za Masisi. Bwawa nalo halibebwi mgongoni siku ya kukimbia. Kwa hiyo, samaki wakianza kukomaa, msingoje siku moja ya kuvua wote. Vueni wachache kila juma, watoto wale, sehemu muuze, na franga za kununua vitoto vipya ziwekwe kando kabla ya kugawana.

Mwezi huu, pimeni bwawa lenu kwa hatua, hesabuni ni tilapia wangapi linaweza kubeba, na tazameni maji yanatoka wapi. Vitoto vinunuliwe baadaye.