HATUA ISHIRINI NA MBILI (Nesi wenu, sehemu ya 4)

Mama zangu, dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kwenye simu za wake zenu (nawajua), leo chanjo tuiweke pembeni kidogo.

Juzi nikitoka zamu ya usiku nilipita pale mtoni tunapojaza madumu na kunywesha punda. Nikakuta mawe yameshushwa, kamba imevutwa, msingi umeanza kuchimbwa. Nikahesabu hatua kutoka kwenye maji mpaka kwenye kamba. Ishirini na mbili.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60, jamani! Nilipouliza, nikajibiwa: "Nesi, wewe shughulika na sindano zako."

Sawa. Tuongee sindano.

Kila mvua zikianza, mnaniletea watoto macho yameingia ndani, midomo mikavu, mtoto analia lakini machozi hayatoki. Ukivuta ngozi ya tumbo inarudi polepole. Natafuta mshipa mkononi siupati, nahamia mguuni, nahamia kichwani, na mama yake kasimama pale ananiangalia mimi, siyo mtoto. Hiyo ndiyo sindano yangu. Na mara nyingi chanzo chake ni maji.

Sasa nyumba ile lazima iwe na choo. Wataalamu wa afya wanashauri shimo la choo likae angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji. Nyumba yenyewe iko hatua 22, choo kitachimbwa wapi? Na mvua ikijaza shimo, kilichomo kinaelekea wapi? Kinateremka kwenye dumu lako.

Wanasema ardhi imekwisha, vijana wakajenge wapi? Hiyo hoja siidharau. Mdogo wangu ana mke na watoto wawili, bado anakaa kwa wazazi. Lakini mbona mwenye haraka ya kupata "ardhi iliyobaki" siyo yeye, ni mtu mwenye pesa ya mawe na saruji? Halafu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano mkuu ni wewe na mimi, kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Wewe uliinua mkono lini? Mimi sijainua.

Na msiniambie maji yana njia yake, yatapita pembeni. Tarehe 3 Desemba 2023 Katesh si mbali na kwetu. Sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka kwa mvua, tope na mawe vikashuka, wakafa watu zaidi ya 80. Sisemi nyumba ndizo ziliuangusha mlima. Nasema tope lilifuata njia za maji, na aliyekuwa njiani halikumuuliza kama ana kibali.

Wengine mnaogopa: "Mwenye nyumba ni mkubwa, tutamfanya nini?" Nairobi, msitu wa Karura ulikuwa unamegwa kwa wajenzi wenye majina mazito kuliko huyu wetu. Wangari Maathai, mama wa watoto watatu, akaenda na wenzake na miche ya miti. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa, yeye akapasuliwa kichwa. Hawakunyamaza. Leo Karura ni msitu, familia zinatembeza watoto wao humo.

Sisi hatuhitaji kupasuliwa kichwa. Na tafadhali, asiende mtu usiku kung'oa kamba au kubomoa msingi, mtampa yeye kesi ya kushinda. Tuandike barua kwa mwenyekiti wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na ofisi ya mazingira ya halmashauri. Tuombe mambo mawili: ujenzi usimame, na tuonyeshwe muhtasari wa mkutano uliopitisha eneo lile. Kama upo, usomwe mbele yetu, na majina ya waliohudhuria.

Barua nimeshaiandika. Iko kwangu, nikiwa zamu ya mchana njoo saa kumi nikitoka, usaini. Asiyejua kuandika aweke dole gumba. Wenye wachanga msikae foleni, piteni mbele.

Sehemu ya 5 nitawaonyesha jinsi ya kuchanganya ORS nyumbani. Chemsheni maji kwanza.